Gari limekufa: umeme, haibridi au petroli kwa mtu anayelala ghorofani?

Kutoka: Mama Mapacha, Columbus, Ohio
Jumamosi, saa 4 usiku

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo.

Gari langu limekufa. Sisemi linaumwa, nasema limekufa. Giaboksi iliachia kwenye haiwei ya I-270 saa 11 alfajiri nikitoka shifti ya usiku. Nikavutwa hadi gereji, fundi akalizunguka mara moja, akapangusa mikono, akaniambia dola 4,800. Lenyewe ukilipeleka sokoni leo halifiki 3,000. Nimelilia siku tatu, leo ndiyo nimeoga.

Kazi yangu wengi mnaijua, nahudumia wazee majumbani mwao. Asubuhi niko Westerville, mchana Grove City, jioni Reynoldsburg, na siku nyingine shifti ya usiku. Kwa wiki ni maili 350, yaani 18,000 na kitu kwa mwaka. Marehemu alikuwa anatoa maili 24 kwa galoni, na risiti zake za mafuta za mwaka mzima nilipozijumlisha zilipita dola 2,200. Hela ya kujenga chumba na sebule kule Korogwe, nimeichoma barabarani.

Sasa kila mtu ana lake. Mdogo wangu anasema nunua la umeme, sheli utaisahau. Shemeji anasema la umeme likiharibika betri unalizika. Muuza magari niliyekwenda kwake juzi amenionyesha la umeme la 2020 kwa dola 15,000, na akasema serikali itanirudishia 4,000. Nikamwambia nakaa ghorofa ya 2, gari linalala uwanjani, soketi hakuna. Akajibu, "Utachaji ukienda sokoni."

Nina kama 19,000 kwa jumla, akiba yangu pamoja na mkopo wa ile saccos ya kazini. Naomba hesabu jamani, si Simba na Yanga.

*

Kutoka: Dereva wa Usiku, Columbus, Ohio
Jumapili, saa 7 mchana

Pole sana dada.

Nianze na huyo muuzaji, maana amekuchezea. Zile dola 4,000 za gari la umeme lililotumika, pamoja na zile 7,500 za jipya, zilifutwa kwa gari lolote lililonunuliwa baada ya Septemba 30, 2025. Sheria ilisainiwa Julai 4 mwaka huo. Akirudia hiyo hadithi mwambie aiandike kwenye mkataba, utasikia anavyoanza kukohoa.

Haya, hesabu. Mimi nabeba abiria usiku, hizi namba nazila kama githeri. Tuchukue petroli dola 3 kwa galoni, na umeme wa nyumbani senti 16 kwa yuniti. Yuniti ni ile ile ya tokeni, kilowati moja kwa saa moja. Gari la umeme la kawaida linakwenda kama maili 3 na nusu kwa yuniti.

Kwa maili zako 18,000, Corolla ya petroli, tuseme maili 33 kwa galoni, itakunywa dola 1,636 kwa mwaka. Haibridi, ile yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, ikiwa ya maili 50 kwa galoni itakunywa 1,080. Gari la umeme likichajiwa nyumbani, ukiongeza asilimia 10 inayopotea kwenye waya na joto, litakula kama 905. Na gari hilo hilo la umeme likichajiwa kwenye mashine za haraka za barabarani, ambako senti 50 kwa yuniti ni jambo la kawaida, litakula zaidi ya 2,500.

Soma tena hiyo ya mwisho. Unalipa kuliko lile lililokufa! Hakuna sheli, sawa, lakini umehamia kwa mwenye duka mwingine, na huyu anauza ghali kuliko wa kwanza.

Halafu kuna Ohio yenyewe. Hapa kwetu ukisajili gari la umeme unaongezewa dola 200 kila mwaka, haibridi 100, kwa sababu hununui petroli ya kutosha kuwalipia kodi ya barabara. Weka hizo juu. Umeme wa nyumbani unakuwa 1,105, haibridi 1,180. Tofauti dola 75 kwa mwaka! Na wewe huna hata hiyo nyumba ya kuchajia. Kwako swali la umeme nadhani limejijibu.

Mimi nina Camry haibridi ya 2019. Niliichukua ikiwa na maili 61,000, leo ina 214,000. Brekipedi za mbele nimebadilisha mara moja tu, kwa sababu ukikanyaga breki ile mota inageuka jenereta, inapunguza mwendo yenyewe na kurudisha chaji kwenye betri. Kwenye foleni na mataa ya mjini ndiko haibridi inakolipa. Kwenye haiwei ndefu inakupa tofauti ndogo.

Jambo moja watu hawalisemi. Kama mwajiri wako anakulipa maili za kutoka mteja hadi mteja, malipo hayo ni sawa kwa kila gari. Gari likinywa kidogo, tofauti inabaki mfukoni mwako.

*

Kutoka: Mzee wa Dallas
Jumapili, saa 10 jioni

Wanangu mnahangaika bure. Nunueni Corolla ya petroli mkalale. Nina yangu ya 2014, imelipwa ikaisha, bima rahisi, fundi yeyote anaijua. Hayo ya umeme mazito, yanakula matairi, na likigongwa ubavuni kampuni ya bima inaona bora ilitupe kuliko kulifungua betri.

Na mkitaka kulipeleka nyumbani je?

*

Kutoka: Dereva wa Usiku, Columbus, Ohio
Jumapili, saa 11 jioni

Mzee wangu, kwako nakubali moja kwa moja. Wewe umestaafu, unaenda kanisani na dukani. Tuseme maili 6,000 kwa mwaka. Haibridi ingekuokolea petroli ya dola 185, na ungekuwa hapa Ohio wangekunyang'anya 100 ukabaki na 85. Kuuza gari lililolipwa ili upate 85 kwa mwaka ni kazi bure.

Kuhusu kupeleka nyumbani: ya hapa yote yana usukani kushoto, yawe ya petroli au ya umeme. Kenya na Tanzania tunaendesha upande wa kushoto na magari yetu ni usukani kulia, na Kenya haisajili hata gari la kawaida lililozidi miaka 8. Wenzetu wa Rwanda na Burundi wanaendesha kulia, huko usukani si shida. Lakini kwa sisi wengine gari la Marekani lifie Marekani.

*

Kutoka: Baba Watatu, Brooklyn Park, Minnesota
Jumapili, saa 3 usiku

Mimi ni mtu wa umeme, natangulia kusema ili msije mkanisuta. Chevrolet Bolt ya 2020, nililichukua likiwa limetumika, mwaka wa tatu huu. Sijajuta. Lakini nitawapa na mabaya yake.

Nina gereji. Fundi wa umeme alivuta waya wa volti 240 kutoka kwenye boksi la saketi, mita 5 tu, akachukua dola 900. Wenye boksi upande wa pili wa nyumba walitajiwa mara mbili ya hapo, kwa hiyo pima kabla hujanunua gari. Shirika la umeme lina bei ya usiku, nachomeka nikilala, asubuhi limejaa kama simu. Oili sibadilishi, plagi hakuna, mkanda hakuna. Miaka mitatu nimeweka maji ya kioo, matairi, na kichujio cha hewa ya ndani. Kwa mtu wa gereji na maili nyingi, mimi nasema umeme unalipa, na ningesema hivyo hata bila zile 4,000 nilizopata enzi zake.

Sasa baridi. Kwenye karatasi Bolt langu linakwenda maili 259 kwa chaji moja. Mwezi wa Julai naziona, hata zaidi. Januari iliyopita tulikwenda Duluth kwenye msiba, mwendo wa maili 150. Asubuhi ile ilikuwa nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri. Nikatoka limejaa, hita imewashwa, watoto nyuma. Tofauti na gari la petroli, ambalo injini yake inatupa joto la bure, hita ya Bolt ni kama jiko la koili: inanyonya betri hiyo hiyo inayozungusha magurudumu. Nilipofika Hinckley, nusu ya njia, chaji ilikuwa imepita nusu kwenda chini.

Nikachomeka kwenye mashine ya haraka. Bolt kwa kawaida linapokea hadi kilowati 55, na hiyo yenyewe ni ndogo. Siku ile betri imeganda, ikaanza na 22. Saa nzima na dakika 20 tumekaa pale, mke wangu amejifunga kanga mbili juu ya koti, tukamaliza chapati zote tulizokuwa tunawapelekea wafiwa. Hatukufika mikono mitupu, tulipitia dukani, lakini mama alinitazama jicho ambalo sitalisahau.

Si mimi tu. AAA, chama cha wenye magari Marekani, walipima magari kadhaa ya umeme mwaka 2019, wakakuta kwenye nyuzi 20 za Fahrenheit, yaani kama 7 za Selsiasi chini ya sifuri, hita ikiwa imewashwa, maili za chaji moja zinapungua kwa wastani wa asilimia 41. Na mnakumbuka Chicago Januari 2024, magari yamepanga foleni kwenye mashine yakizimika moja moja. Mapya mengi sasa yana pampu ya joto, hita inayokula umeme kidogo, inasaidia. La kwangu halina. Nikiwa peke yangu nawasha kiti na usukani tu, hita naiacha.

Mkinunua Bolt lililotumika, jambo moja: yote ya 2017 hadi 2022 yaliitwa na kiwanda yarudi kurekebishwa, kwa sababu ya betri kuweza kushika moto. Mengi yaliwekewa betri mpya kabisa, mengine yakawekewa programu tu ya kuichunguza. Lililobadilishwa betri ni dili, unanunua gari la zamani lenye moyo mpya. Ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya serikali ya magari yaliyoitwa, kisha uombe karatasi.

*

Kutoka: Mtu wa Kolwezi, Montréal
Jumatatu, saa 2 asubuhi

Jambo yenu wote. Mtanisamehe Kiswahili changu cha Katanga.

Ninyi wa Ohio mnahesabu senti 16. Sisi hapa Québec umeme unatoka mtoni, na wa nyumbani ni kama senti 7 za Kanada kwa yuniti 40 za kwanza kila siku. Petroli kwetu ina kodi kweli kweli. Kwa hiyo kila mtu afanye hesabu ya mahali pake, asichukue ya mwenzake.

Na mimi sina gereji! Naishi ghorofa ya 3, naegesha barabarani kama kila mtu. Lakini mji umeweka nguzo za kuchajia pembeni mwa njia, mitaa mingi inazo. Jioni ninatembea dakika 6 kutoka kwenye nguzo hadi nyumbani. Shida ni theluji. Ikianguka nyingi wanapita kuizoa, king'ora kinalia usiku mtaani, na ni lazima utoke uondoe gari la sivyo wanalivuta. Utaona watu wazima na pajama na mabuti wanakimbilia magari. Mimi na la umeme ninakimbia mara mbili, maana nikiliondoa, nguzo inachukuliwa na mwingine.

Nina Tesla Model 3 ya 2022, ile ya bei ya chini. Nilichagua hiyo kwa sababu ya betri. Mama yangu mpaka leo yuko Kolwezi. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, madini yanayowekwa kwenye betri nyingi, inatoka kwetu Kongo, na ninyi mnaosema "gari safi" mimi nimeona mashimo yale, nimesoma na vijana walioshuka humo na tochi kichwani. Betri ya gari langu ni ya chuma na fosfati, haina kobalti. Tena hii wanakuruhusu kuijaza hadi 100 kila wakati, zile nyingine wanakuambia ishia 80 kwa matumizi ya kila siku. Ubaya wake ni baridi: asubuhi ya Januari inapokea chaji kwa uvivu mpaka ipate moto.

Simkatazi mtu. Ninasema tu muulize kilichomo ndani.

*

Kutoka: Mzee wa Dallas
Jumatatu, saa 3 asubuhi

Na petroli inatoka peponi? Mwulize mtu wa Delta ya Niger, kule Nigeria wanakochimba mafuta. Haya, nimenyamaza.

*

Kutoka: Mama Mapacha, Columbus, Ohio
Jumanne, saa 2 usiku

Asanteni nyote. Mtu wa Kolwezi, hapo umenigusa, nimekaa nalo.

Nimefanya utafiti wangu. Kwanza nilikwenda ofisi ya apartimenti kuuliza kama wataweka mashine za kuchaji. Binti akaniambia "hatuna mpango huo kwa sasa" kwa sauti ile ile wanayotumia ukiwaambia bomba linavuja. Nikauliza, je, nikishusha waya wa kurefushia kutoka balkoni? Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Pili, jana nikitoka kazini alfajiri nimemwomba mwenzangu anipitishe kwenye zile mashine za haraka za kwenye uwanja wa duka kubwa, nione hayo maisha. Mashine 4. Moja skrini imezima. Moja inaandika samahani. Ya tatu mtu amelala ndani ya gari, kofia usoni, na kwenye skrini chaji yake imefika 94, inasogea kwa kudondoka kama dripu. Ya nne ilikuwa inafanya kazi na hapo hapo likaja gari likaichukua. Nikajiona mimi pale saa 11 alfajiri, mapacha wananisubiri niwapeleke shule, namwangalia mwanaume amelala.

Hapana. Umeme kwangu bado.

Lakini haibridi naiogopea betri. Shemeji anasisitiza ni dola 8,000. Kuna fundi humu?

*

Kutoka: Baba Watatu, Brooklyn Park, Minnesota
Jumanne, saa 3 usiku

Dada, yule mwenye 94 ni mshamba. Zikishafika 80 kasi inashuka makusudi kulinda betri, mwenye adabu anachomoa anaondoka.

Na waya wa kurefushia usithubutu hata wakikuruhusu! Soketi ya kawaida ya volti 120 inaliongezea gari maili 3 hadi 5 kwa saa. Wewe unakwenda 50 au 60 kwa siku, kwa hiyo ungekuwa unaivuta kwa nguvu zake zote saa 12 mfululizo. Waya mwembamba unayeyuka kwenye plagi, na chini kuna watu wamelala.

*

Kutoka: Fundi, Houston, Texas
Jumatano, saa 5 usiku

Habari za kazi. Nilikuwa chini ya gari, ndiyo naona ujumbe.

Dola 8,000 si za haibridi ya Toyota. Betri mpya ya Prius au Corolla unazungumzia 2,000 hadi 4,000 na kazi, inategemea nani anaweka. Zilizokarabatiwa zipo za bei ya chini, wanabadilisha seli mbovu wanaacha nzee. Mimi siziweki. Miezi minane mteja anarudi na taa ile ile na hasira mpya.

Toyota kuanzia modeli ya 2020 betri ya haibridi ina waranti ya miaka 10 au maili 150,000, kinachotangulia, na inahama na gari kwa mwenye kununua. Kwa hiyo dada tafuta 2020 kuja juu.

Prius ya 2010 hadi 2015 iogope, lakini si kwa betri. Mfumo wa kurudisha moshi kwenye injini unaziba kwa masizi, injini inachemka vibaya, gasketi ya silinda hedi inakwenda. Asubuhi ukiiwasha inatetemeka kama ina homa, kisha inatulia. Ukisikia hivyo kwenye gari unalotaka kununua, shuka, sema asante.

Kinachoua betri ya haibridi ni joto, na joto linatokana na uchafu. Betri inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari. Kwenye Corolla matundu yako chini ya kiti cha nyuma, usawa wa visigino vya watoto. Yakizibwa na mkoba, koti, nywele za mbwa, makombo ya chipsi, betri inapika. Nimefungua moja nikakuta feni imevaa manyoya kama paka. Mwenyewe alikuwa ameambiwa anunue betri mpya. Tukasafisha, ikaondoka.

Lingine. Haibridi ya Toyota haina stata, haina alteneta, haina giaboksi ile iliyokuua wewe. Ni gia za sayari na mota mbili, hakuna mkanda wa kukatika wala klachi ya kuungua. Hapo ndipo inapolipa kuliko kwenye mafuta. Lakini ina betri ndogo ya volti 12 kama gari lolote, na ikifa gari haliwaki kabisa, taa zinawaka kama mti wa Krismasi. Watu wanadhani betri kubwa imekufa, wanatozwa maelfu. Ukikuta hivyo, pima ndogo kwanza.

Kabla ya kulipa, peleka kwa fundi asiye wa muuzaji. Achomeke kidude cha OBD, kile cha kusoma kompyuta ya gari, asome volti za kila bloku ya betri ukiwa unaendesha. Zikitofautiana sana, ondoka.

Na masega ya ekzosi, kile kichujio cha moshi chenye madini ya thamani ndani. Wezi wanayapenda ya haibridi, hasa Prius za 2004 hadi 2009, maana injini haiwaki muda wote na madini ya ndani hayachakai haraka. Kama unalala uwanjani funga bamba la chuma chini. Bei yake na kazi kama dola 300. Kuibiwa ni zaidi ya 1,500, na mwizi anahitaji dakika 2.

Oili badilisha kila maili 5,000 hata kitabu kikisema 10,000. Injini ya haibridi inazima na kuwaka siku nzima, wakati wa baridi haipati moto vizuri. Hilo ni langu, si la kitabu.

*

Kutoka: Mama Mapacha, Columbus, Ohio
Jumapili, wiki mbili baadaye, saa 12 jioni

Nimerudi na majibu.

Nimechukua Corolla haibridi ya 2021, maili 64,000, dola 17,400 kabla ya kodi. Si kwa yule wa dola 4,000 za serikali, huyo aliponiona namuuliza maswali ya Fundi akasema ana simu ya haraka. Huyu mwingine ni mama mmoja mtu mzima, aliniacha nikae na gari saa nzima. Kulikuwa na Corolla ya petroli pembeni, mwaka huo huo, rahisi kwa dola 2,100. Nikakumbuka hesabu ya Dereva: 1,636 toa 1,180, naokoa 456 kwa mwaka, kwa hiyo miaka minne na nusu nirudishe tofauti. Nikasita kweli. Kilichoniamua si mafuta, ni giaboksi. Sitaki tena kuvutwa I-270 maishani mwangu.

Fundi, nimepiga magoti na tochi ya simu pale visigino vya watoto kama ulivyosema. Ndani ya matundu kulikuwa na soksi ya mtoto mchanga, ya pinki, na vumbi la kutosha kupanda mchicha. Nikaitoa mbele ya muuzaji, nikamwonyesha, nikaomba apunguze. Akapunguza 250. Fundi wa nje akasoma betri, volti zote zimekaa karibu karibu, akasafisha feni. Bamba la chini linafungwa Alhamisi.

Kwenye kusajili yule bwana wa dirishani aliniongezea zile 100 za haibridi bila hata kunitazama. Nilijua zinakuja na bado ziliuma.

Tangi la kwanza: maili 440, nimejaza galoni 9. Na ni baridi, hita iko juu, mapacha wanafungua madirisha kuchungulia theluji. Nilimpigia mdogo wangu kumwambia, akasema la umeme lingekuwa sifuri. Nimemwambia aje aninunulie nyumba yenye gereji.

Sasa naomba la mwisho. Yaliyopo ni matairi ya msimu wote na yamekwisha. Natafuta ya theluji, saizi 195/65R15, manne, hata yawe yametumika msimu mmoja. Mwenye nayo aniandikie pembeni, nitayafuata hata Dayton, nina galoni za kutosha.